Risasi Fupi: Nasaha kwa Vijana wa Plateau

Simu zinazonifikia kutoka Marekani siku hizi haziulizi tena bei ya mahindi wala mpaka wa shamba. Zinauliza risasi. Kijana aliyekulia hapa Plateau, uwanda wetu huu wa Eldoret, leo ana nyumba Texas au Minnesota, ana gereji, na ndani ya gereji ana meza yenye mashine ya kushindilia risasi. Ananitumia picha: risasi hamsini zimepangwa ndani ya kisanduku, shaba inang'aa, kila moja imesimama wima. Anajua nilistaafu kutoka ghala la silaha la polisi, basi anauliza, "Mzee, si ziko sawa?"

Siwezi kumjibu. Picha haipimi. Risasi nzuri na risasi itakayompasukia mkononi zinafanana kwenye simu, zinafanana mezani, na ukizipapasa kwa vidole zinafanana vilevile. Kinachozitofautisha huenda ni urefu usiofika milimita moja. Ndiyo maana nimeamua kuandika mara moja kwa wote, walio kule na waliobaki hapa, badala ya kurudia maneno kwenye simu inayokatika kila mvua ikinyesha.

Nisieleweke kwamba nashangaa vijana wetu kushika silaha ughaibuni. Uwanda huu umetoa watu waliovaa magwanda ya nchi nyingine kwa heshima. Paul Chelimo, mzaliwa wa upande wa Iten, alipochukua medali ya fedha ya mita 5000 kule Rio mwaka wa 2016, alikuwa mwanajeshi wa Marekani. Na sheria ya kule inamruhusu raia wa kawaida kukusanya maganda aliyofyatua, kuyatia fataki, baruti na kichwa kipya, na kuyatumia mwenyewe uwanjani. Wengi huanza kwa ajili ya kubana matumizi, kisha wanaipenda kazi yenyewe. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na kijana anayejifunza kwa video ya dakika kumi na mbili, akashika sehemu ya kuvuta mkono wa mashine na kuiruka sehemu ya kupima, kwa sababu sehemu ya kupima haina msisimko.

Nianze na yanayotokea ndani, maana kijana wa leo haogopi katazo asilopewa sababu yake. Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti tumboni, kichwa mdomoni. Fataki ikigongwa, baruti inaungua na kuwa gesi, na gesi inataka mahali pa kwenda. Kabla kichwa hakijaondoka, mahali penyewe ni ile nafasi iliyo chini yake tu. Sasa ganda la bastola ya milimita 9, ile risasi aliyoibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita na ambayo majeshi mengi ya dunia yanaitumia hadi leo, ni dogo mno. Urefu wake ni milimita 19.15. Toa unene wa kitako, toa sehemu ambayo kichwa kimezama, na nafasi inayobaki haifiki robo ya kijiko cha chai. Ukikisukuma kichwa ndani kupita kipimo, baruti ni ileile, gesi ni ileile, lakini chumba kimepungua. Na shinikizo halipandi polepole kwa kadiri ulivyosukuma. Linaruka.

Linaruka kiasi gani? Speer, kampuni ya Marekani inayotengeneza vichwa vya risasi, iliwahi kuchapisha jaribio ndani ya kitabu chake cha washindiliaji. Walichukua risasi za milimita 9 zilizokuwa na shinikizo la 28,000 kwa kile kipimo cha zamani cha kubonyeza kipande cha shaba, wakazamisha vichwa kwa makusudi milimita 0.76 zaidi, bila kuongeza hata chembe ya baruti. Shinikizo likafika 62,000. Tafadhali soma sentensi hiyo tena. Risasi ya G3, bunduki ambayo kila mtu wa Bonde la Ufa ameiona begani mwa polisi, haikuundiwa shinikizo hilo, seuze bastola inayoingia mfukoni.

Na bastola ikishindwa, inashindwa mahali panapojulikana. Nyuma ya chemba, upande wa chini, kuna mteremko ambao risasi hupanda ikitoka kwenye magazini. Pale ganda halina ukuta kamili wa kuliegemea, na pale ndipo linapopasuka. Gesi inashuka kwenye magazini, magazini inatupwa chini, vibao vya mpini vinavunjika ndani ya kiganja cha mwenye bastola. Aliyevaa miwani ya kinga huondoka na vidole vinavyouma. Asiyevaa, sitaki kumsimulia.

Basi tupime. Chombo ni kalipa, ile ya taya mbili ambayo mafundi wa injini mjini Eldoret hupimia pistoni. Futa taya, zifunge, hakikisha inasoma sifuri. Weka kitako cha risasi kwenye taya moja, ncha kwenye nyingine, ibane polepole bila kuikandamiza, uizungushe kidogo kwa vidole ili ikae sawa. Viwango vya kimataifa haviruhusu risasi nzima ya milimita 9 izidi 29.69. Hicho ni kikomo cha juu cha aina zote. Urefu unaokuhusu wewe ni ule ulioandikwa na aliyetengeneza kichwa ulichonunua, kwa uzito wake na umbo lake, na hauhamishwi kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko cha madini ya risasi chenye uzito uleule, kwa hiyo kwenye urefu mmoja chenyewe kimezama zaidi. Kichwa bapa nacho kina mabega mapana, na ukikiacha kirefu kama cha mviringo, mabega yale yatagusa mifereji ya mtutu kabla ganda halijakaa. Kitabu kikikuambia 29.0 na kalipa ikakuonyesha 28.2, hapo umeshapita lile jaribio la Speer. Usiseme "karibu".

Kuna kosa ambalo hata waangalifu hulifanya. Kijana anarekebisha mashine yake, anapima risasi ya kwanza, inasoma sawasawa, anafurahi, kisha anashindilia mia tatu bila kugusa kalipa tena. Mashine ni chuma lakini haitulii. Nati ya kufungia kalibu hulegea kwa mtikiso. Mafuta na vumbi la madini ya risasi hujikusanya ndani ya kile kisukumio kinachokaa juu ya kichwa, na kadiri uchafu unavyoongezeka ndivyo kila kichwa kinavyosukumwa chini zaidi; risasi ya mia mbili inakuwa fupi kuliko ya kumi na hakuna aliyegusa kitu. Kwenye mashine zile za kuzunguka, zenye vituo vinne au vitano, risasi unayoishindilia peke yake huku vituo vingine vikiwa vitupu haitoki na urefu sawa na ile inayoshindiliwa vituo vyote vikiwa na kazi. Kwa hiyo ukirekebisha kwa risasi moja ya majaribio, umerekebisha kwa hali ambayo hutairudia siku nzima. Jaza vituo vyote, kisha ndipo upime. Halafu endelea kupima kadiri unavyoendelea, na ukianza siku mpya anza upya.

Hapa kwetu hakuna anayeona haya kupimiwa. Mkulima wa Plateau anakodi lori, anapeleka mahindi kwenye ghala la NCPB, bodi ya taifa ya nafaka, karani anachoma gunia na kutoa punje, na unyevu ukizidi asilimia 13.5 anarudishwa nyumbani na magunia yake yote. Ananung'unika njiani, lakini anayaanika tena, kwa sababu anajua gunia moja bichi linaweza kuoza na kuharibu rundo. Iweje basi mwana wa mkulima huyo akifika Dallas aone kupima ni kupoteza wakati?

Maganda nayo yana urefu wake, na watu huusahau kwa sababu wanahangaikia urefu wa risasi nzima. Ganda la milimita 9 halina ukingo wa kulizuia; linasimama ndani ya chemba kwa mdomo wake. Likiwa fupi mno linazama, likiwa refu mno linazuia slaidi kufunga. Hatari kubwa zaidi ni ndugu zake. Ukiokota maganda kwenye uwanja wa shabaha unaokota ya kila mtu, na kati yake kuna ganda la .380 ambalo kipenyo cha mdomo wake ni kama cha milimita 9, lakini lenyewe ni fupi kwa karibu milimita mbili. Macho ya mtu aliyechoka hayaioni tofauti hiyo. Kichwa kikitiwa humo hakishikwi barabara. Soma maandishi ya kitakoni, ganda moja baada ya jingine, kwenye mwanga, kabla ya kuanza. Ni kazi ya kuchosha. Wanangu, sehemu kubwa ya usalama inachosha.

Kupima peke yake hakutoshi, kwa sababu kalipa inajua urefu tu, haijui chemba yako. Toa mtutu kwenye bastola isiyo na risasi, ushike mdomo ukitazama chini, uachie risasi iingie yenyewe ndani ya chemba. Iingie kwa kudondoka, isikike ikigota, izunguke ukiisukuma kwa ncha ya kidole, na ukipindua mtutu itoke yenyewe bila kubembelezwa. Ikikwama, ama ni ndefu na kichwa kimegusa mifereji, ama ganda halikurudishwa kwenye umbo lake. Usiishindilie kwa slaidi. Risasi ndefu iliyolazimishwa huacha kichwa mtutuni unapoivuta, baruti inamwagika ndani ya bastola, na sasa una mtutu ulioziba.

Kwa wenye rivolva maneno ni machache. Ganda la .38 lilibuniwa enzi za baruti nyeusi, lina nafasi kubwa ndani, na kuzama kidogo hakulishtui kama milimita 9. Lenyewe lina maovu mawili mengine: baruti inaweza kumiminwa mara mbili bila kufurika na usijue, na mshtuko wa kufyatua huvuta vichwa vya risasi zilizobaki kuja mbele mpaka ncha inatokeza na silinda inakataa kuzunguka. Huko unapima ili kuona kama risasi imerefuka.

Sasa nyinyi mliobaki hapa. Najua simu zinavuka bahari pande zote mbili, na picha zile ninazotumiwa mimi mnatumiwa na nyinyi. Mmoja ameshaniuliza kama mashine ile inaweza kuletwa kwa mizigo, aifungue kibandani nyuma ya duka, kwa kuwa risasi ni ghali. Jibu ni hapana, na sitalipamba. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haikuruhusu kuwa na risasi hata moja bila cheti, na cheti chenyewe kinaandika idadi unayoruhusiwa. Kuunda au kukarabati risasi na silaha kibiashara ni kazi ya aliyesajiliwa. Mwishoni mwa mwaka wa 2018 hata wenye leseni halali waliitwa kukaguliwa upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Mtu asiye na karatasi yoyote atasema nini? Wala usidanganyike kwamba risasi moja ya kumbukumbu ndani ya begi ni jambo dogo. Ukiwa unarudi likizo, acha huko kila kitu, pamoja na maganda. Mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege wa JKIA haijui kwamba wewe ni mtoto wa watu.

Zaidi ya sheria, hatuna hata haja. Tangu serikali ipige marufuku uwindaji mwaka wa 1977, raia wa Kenya mwenye leseni ya bastola hana mahali pa kumaliza risasi nyingi isipokuwa kwenye uwanja wa shabaha kama ule wa Kirigiti kule Kiambu. Na risasi za vyombo vya usalama zina kiwanda chake hapahapa Eldoret, Kenya Ordnance Factories, kilichojengwa kwa ujuzi wa Wabelgiji wa FN Herstal na kuanza kazi miaka ya 1990. Milimita 9 ni mojawapo ya zinazotoka huko. Kiwanda cha namna hiyo, popote duniani, hakiamini mashine zake. Kina watu na geji ambazo kazi yao ni kupima na kukataa. Ukitaka kufanya kazi hii kwa halali, soma uhandisi, uombe nafasi mahali kama pale.

Kuna kundi la tatu, na kwa kweli hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko la Texas: polisi vijana na wenye leseni ambao hawajawahi kushindilia risasi hata moja maishani, na wanadhani hadithi hii haiwahusu.

Fikiria konstebo anayebeba bastola kila zamu. Asubuhi anatia magazini, anavuta slaidi, risasi ya juu inaingia chemba. Jioni anaitoa ili arudishe silaha ghalani. Risasi ile iliyoruka nje anaiokota, anaipangusa na suruali, anairudisha juu ya magazini. Kesho ni yeye na risasi ileile. Kila slaidi inapofunga, ncha ya risasi inagonga ule mteremko kwa nguvu, na kila pigo linaweza kukizamisha kichwa kidogo sana. Kwa siku moja haionekani dalili yoyote. Mwezi mmoja, miezi mitatu, na risasi iliyotoka kiwandani ikiwa sawa kabisa imegeuka risasi fupi, ikiwa mahali pabaya kuliko pote: ndiyo ya kwanza atakayofyatua siku ya taabu. Yaliyosemwa juu kuhusu chumba kilichopungua yanamhusu neno kwa neno.

Dawa yake haihitaji kalipa. Chukua risasi mpya kutoka kisandukuni na ile uliyoitoa chemba, uzisimamishe bega kwa bega juu ya meza tambarare, uinamishe jicho lako mpaka usawa wa ncha. Kama ncha moja iko chini, au kichwa kina mkwaruzo na kimeingia kuliko mwenzake, iweke kando uirudishe ghalani kama mbovu. Usikivute kichwa kwa koleo, usiigonge, usimpe mwenzako. Na risasi ambayo bado ni nzima isirudi juu kila siku. Ipeleke chini ya magazini, zibadilishane zamu kama nyinyi mnavyobadilishana. Wakuu wa maghala, nanyi mnaponisoma, andikeni jambo hili kwenye ubao wa ghala. Karatasi ni rahisi kuliko mkono wa konstebo.

Mtu atasema mzee amekuwa mwoga, lakini nina sababu. Mwaka wa 2008 watafiti wa Small Arms Survey wa Geneva waliandika kwamba karibu nusu ya risasi haramu zilizokuwa zikizunguka Turkana Kaskazini zilitoka kwa polisi wa Kenya. Nalitaja hilo kwa sababu risasi iliyopotea ghalani haipotei duniani. Inaviringika bondeni, inakaa juani na mvuani, inaokotwa na mchungaji, inauzwa, inarudi huku uwandani ikiwa na kutu na kichwa kinachocheza. Hakuna ajuaye urefu wake wala umri wake. Ukiikuta shambani ukilima, au mtoto akija nayo nyumbani akidhani ni kitu cha kuchezea, usiipime na usiijaribu. Weka alama mahali ilipo, mwite chifu au kituo cha polisi kilicho karibu, waje waichukue.

Na wewe wa Texas uliyenitumia picha ile: toa risasi zote hamsini kisandukuni, uwashe taa, uchukue kalipa, uzipime moja moja ukilinganisha na kitabu cha aliyetengeneza vichwa vyako. Fupi usizifyatue hata ukiona ni chache. Ukimaliza nipigie, uniambie zimetoka ngapi.